Je, Wajua? Matairi ya Majira Yote kwa Gari la Michezo la Zamani

JE, WAJUA kwamba gari zima limesimama juu ya viganja vinne?
Eneo la tairi linalogusa lami halizidi sana kiganja cha mtu mzima. Breki, usukani na nguvu yote ya injini hupitia hapo. Gari jipya likianza kuteleza, kompyuta hushika breki ya gurudumu moja na kulirudisha njiani kabla dereva hajajua kilichotokea. Marekani iliufanya mfumo huo kuwa wa lazima kwa magari madogo kuanzia modeli za 2012, na Ulaya ikakamilisha mwaka 2014. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyozinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Chicago mnamo Februari 1989, haina mfumo huo. Porsche 944, iliyotengenezwa hadi 1991, haina. Toyota MR2 ya miaka hiyo haina. Katika magari haya tairi halina msaidizi, na ndiyo maana kulichagua ni kazi nzito kuliko kuchagua eksozi au rangi.

JE, WAJUA kwamba tairi la majira yote lina takriban miaka hamsini tu?
Goodyear ilitoa Tiempo, tairi la radial la majira yote, mwaka 1977. Kabla ya hapo dereva wa Marekani ya kaskazini alizoea kuwa na seti mbili: moja ya kiangazi, nyingine ya theluji. Tairi la majira yote la michezo lilikuja baadaye, likijaribu kuunganisha mambo yanayovutana: kushika kona kwenye joto, kupasua maji kwenye mvua, na kutokuwa gumu asubuhi ya baridi. Hakuna tairi linaloongoza katika yote matatu. Kila unalonunua ni mapatano, na mnunuzi anatakiwa kujua amepata nini na ameacha nini.

JE, WAJUA kwamba nyuzi 7 za Selsiasi ndizo mpaka?
Mpira wa tairi la kiangazi umetengenezwa kwa ajili ya joto. Hali ya hewa ikishuka kuelekea nyuzi 7, unaanza kukakamaa kama mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe. Lami inaweza kuwa kavu kabisa, jua linawaka, na bado gari likateleza kwenye kona ambayo juzi ulipita bila wasiwasi. Chini ya sifuri, baadhi ya matairi ya kiangazi ya mwendo mkali yanaweza hata kupata nyufa yakiendeshwa au yakigongwa. Mpira wa majira yote una mchanganyiko unaobaki laini kwenye baridi hiyo. Hapo ndipo penye faida yake kubwa, hata mwaka ambao theluji haikuanguka.

JE, WAJUA kwamba alama ya M+S haithibitishi chochote kuhusu theluji?
Herufi hizo, zinazodai tairi linafaa kwa tope na theluji, hutolewa kwa kuangalia umbo la mifereji tu. Tairi si lazima liwe limewahi kukanyaga theluji. Alama ya kutafuta ni ile ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji katikati. Ilianzishwa mwaka 1999 na vyama vya watengenezaji wa mpira vya Marekani na Kanada, na ili kuipata, tairi lazima lijaribiwe kwenye theluji iliyoshindiliwa na kulishinda tairi la kulinganishia kwa angalau asilimia 10.

JE, WAJUA kwamba hata alama ya mlima haijui kona?
Jaribio lake hupima kuondoka au kusimama kwenye mstari ulionyooka. Halipimi kupinda, wala halipimi barafu. Mwenye gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma alikumbuke hili kila anapoingia mzunguko wenye theluji.

JE, WAJUA kwamba alama hiyo ni suala la sheria?
Ujerumani, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, tairi lenye M+S peke yake halikubaliki tena barabara ikiwa na theluji au barafu. Alama ya mlima ni lazima. Quebec nchini Kanada, gari lililosajiliwa huko lazima liwe na matairi ya baridi yenye alama hiyo kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Matairi mengi ya majira yote ya michezo hayana alama ya mlima. Ukiishi Hamburg au Montreal, tazama ubavu wa tairi kabla ya kutazama bei.

JE, WAJUA kwamba kuna tairi linalokwambia lenyewe uwezo wake umefika wapi?
Continental ExtremeContact DWS 06 Plus ina herufi D, W na S zilizochongwa kwenye uso wake. S ni theluji, W ni maji, D ni lami kavu. Tairi likilika, S hufutika kwanza: theluji basi. Ikifuata W, mvua nayo ina mashaka. Wazo hilo lina funzo kwa tairi la kampuni yoyote. Tairi la majira yote halifi siku moja. Linapoteza majira yake moja baada ya jingine, na theluji ndiyo ya kwanza kuondoka.

JE, WAJUA kwamba kikomo cha kisheria ni milimita 1.6 tu?
Ndicho kiwango cha Ulaya na cha majimbo mengi ya Marekani. Tairi jipya la majira yote la michezo huwa na kina cha karibu milimita 8. Kwenye theluji, wataalamu wengi hushauri kulibadilisha likifika milimita 4. Kwa hiyo tairi ambalo askari wa barabarani atalipitisha bila neno linaweza kuwa kipara kabisa mbele ya theluji.

JE, WAJUA namna ya kusoma 185/60R14 82H?
Hiyo ndiyo saizi iliyotoka kiwandani na MX-5 ya kwanza. Upana ni milimita 185. Kimo cha ubavu ni asilimia 60 ya upana huo. R ni radial, na rimu ni ya inchi 14. Namba 82 maana yake tairi moja linabeba kilo 475. H ni mwendo wa juu wa kilomita 210 kwa saa. Matairi manne hubeba kilo 1,900, na gari lenyewe lina karibu kilo 950. Mzigo, basi, si tatizo la gari hili. Tatizo ni kwamba matairi ya michezo ya inchi 14 yamekuwa adimu.

JE, WAJUA kwamba unaweza kuongeza rimu bila kuongeza kimo?
Piga hesabu. Tairi la 185/60R14 lina kipenyo cha milimita 577.6. Tairi la 195/50R15 lina milimita 576. Tofauti haifiki milimita 2, na spidomita haitajua kama umebadilisha. Kwa rimu za inchi 15, mlango wa matairi ya kisasa hufunguka. Ukienda hadi 205/50R15, kipenyo hufika milimita 586: spidomita ikionesha 100, kwa kweli uko kwenye 101 na ushee. Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni kutovuka asilimia 3 ya kipenyo cha awali.

JE, WAJUA kwamba H imekaa nje ya foleni ya alfabeti?
S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, U ni 200, halafu H ni 210, kisha V 240, W 270 na Y 300. H ilikuwapo tangu enzi za herufi tatu tu, S, H na V, nyingine zikaingizwa katikati baadaye. Kwa gari la michezo la zamani, usishuke chini ya herufi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Huendi kushindana na mtu, lakini herufi hiyo hueleza pia jinsi tairi linavyovumilia joto.

JE, WAJUA kwamba kitabu cha gari lako huenda kinaandika kwa mtindo uliokufa?
Ukikuta 205/55VR16, herufi ya mwendo imekaa ndani ya saizi. Siku hizi V ingewekwa mwishoni, pamoja na namba ya uzito. Muuzaji kijana anaweza kukwambia saizi hiyo haipo. Ipo, kilichobadilika ni maandishi.

JE, WAJUA kwamba kuna rimu ambazo tairi la kawaida haliziingii?
Mwaka 1975 Michelin ilileta TRX, tairi na rimu vilivyopimwa kwa milimita. Rimu ya milimita 390 ni sawa na inchi 15.35, yaani haiko kwenye 15 wala 16. Ford Mustang ya 1979 iliuzwa na TRX kama chaguo la ziada, na BMW na Ferrari kadhaa za miaka hiyo zilivaa mfumo huo. Usikubali fundi yeyote alazimishe tairi la inchi juu ya rimu hiyo. Ama nunua TRX mpya, ambazo Michelin bado inazitengeneza, ama badilisha rimu zote nne.

JE, WAJUA kwamba saizi mbili tofauti kwenye gari moja zina sababu?
Toyota MR2 ina injini nyuma ya viti, na uzito huo ukianza kuzunguka kwenye kona ni vigumu kuuzuia. Kwa modeli za 1993, Toyota ilirekebisha sasipensheni na kuweka 195/55R15 mbele na 225/50R15 nyuma. Mwenye gari kama hili atafute kwanza kama tairi analolipenda linapatikana katika saizi zote mbili. Kuchanganya modeli moja mbele na nyingine nyuma ni kuvuruga hesabu ambayo wahandisi waliipiga kwa makusudi. Asivutwe pia na wazo la kuweka saizi moja pande zote kwa ajili ya urahisi.

JE, WAJUA kwamba Porsche huandika idhini yake ubavuni?
Alama ya N0 maana yake tairi hilo limejaribiwa na kukubaliwa na Porsche. Marekebisho yanayofuata ya modeli ileile hupewa N1, N2 na kuendelea. Tairi la N0 na la N1 yanaweza kufanana kwa jina na kwa sura, lakini kampuni inashauri yasichanganywe.

JE, WAJUA kwamba namba ya ulaji haipimwi na serikali?
Marekani karibu kila tairi la gari dogo la barabarani lina daraja la ulaji (jinsi linavyolika), mshiko na joto. Daraja la ulaji hutokana na safari ya maili 7,200, karibu kilomita 11,600, kwenye mzunguko ulioko karibu na San Angelo, Texas. Tairi la kulinganishia huhesabiwa kuwa 100. Lakini namba inayochapishwa hutangazwa na mtengenezaji mwenyewe. Kwa hiyo linganisha 400 na 500 za kampuni moja. Ukilinganisha kampuni mbili, usiweke imani yote hapo.

JE, WAJUA kwamba AA, daraja la juu la mshiko, nayo haijui kona?
Daraja la mshiko hupima gurudumu lililofungwa likiburuzwa kwenye lami na saruji iliyoloa, katika mstari ulionyooka. Ni habari njema kwa breki. Haielezi usukani utajibu vipi, na kwa mwenye gari la michezo usukani ndio nusu ya sababu ya kulimiliki.

JE, WAJUA kwamba gari la kabla ya 1990 lina msamaha Ulaya?
Lebo ya Umoja wa Ulaya inayoonesha mshiko kwenye maji, ulaji wa mafuta na kelele haihusu matairi yaliyobuniwa kwa ajili tu ya magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza kabla ya tarehe 1 Oktoba 1990. Tairi la muundo wa kale linaweza kuwa zuri sana, lakini huenda usipate lebo ya kulipima. Hapo itabidi umwulize muuzaji maswali mengi zaidi.

JE, WAJUA kwamba tairi jipya la leo linajua kemia ambayo gari lako lilipozaliwa haikuwa dukani?
Michelin ilianza kuuza matairi yenye silika mwaka 1992. Kabla ya hapo mpira uliimarishwa hasa kwa masizi ya kaboni, yanayoupa rangi nyeusi. Silika ilipunguza ugumu wa tairi kuviringika huku ikiboresha mshiko kwenye maji. MX-5 ya 1990 ikivishwa matairi mazuri ya leo inapata kitu ambacho mmiliki wake wa kwanza hakuweza kukinunua kwa bei yoyote.

JE, WAJUA kwamba tairi linazeeka hata likilala?
Tafuta neno DOT ubavuni, kisha soma tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya 2000: livue leo. Watengenezaji wengi wa magari hushauri kubadilisha baada ya miaka 6, na Michelin na Continental huweka miaka 10 kuwa mwisho, hata kama meno bado yamesimama. Gari la michezo la zamani ndilo lililo hatarini zaidi, kwa sababu hutembea kidogo. Meno yake hubaki marefu wakati mpira wenyewe umekwisha.

JE, WAJUA kwamba ajali iliyoitikisa dunia ya sinema ilikuwa na matairi ya miaka tisa?
Novemba 30, 2013, mwigizaji Paul Walker na rafiki yake aliyekuwa akiendesha walifariki huko Santa Clarita, California, wakiwa ndani ya Porsche Carrera GT ya 2005. Wachunguzi wa Los Angeles walitaja mwendo usio salama kuwa sababu ya ajali. Katika uchunguzi wao waliandika pia kwamba matairi yalikuwa na umri wa miaka tisa.

JE, WAJUA kwamba Uingereza imetunga sheria ya umri?
Tangu tarehe 1 Februari 2021, tairi lenye zaidi ya miaka 10 haliruhusiwi kwenye ekseli ya mbele ya lori au basi. Magari madogo hayakuguswa. Mwenye gari la michezo hana haja ya kungoja sheria imfikie ndipo aheshimu sababu iliyoileta.

JE, WAJUA kwamba rangi ya kahawia ubavuni ni dawa inayotoka?
Tairi lina kemikali na nta za kuulinda mpira dhidi ya hewa ya ozoni. Kadiri tairi linavyojikunja barabarani, kinga hiyo husogea hadi juu. Gari lililoegeshwa miezi mingi halisukumi dawa hiyo kwenda nje, na nyufa hupata nafasi.

JE, WAJUA kwamba NASA ilitafuta mwendo ambao tairi huanza kuelea?
Watafiti wake waliochunguza ndege zinazotua kwenye njia zilizoloa maji, akiwamo Walter Horne, walipata kanuni rahisi: zidisha 10.35 kwa kipeuo cha pili cha upepo wa tairi kwa psi, upate maili kwa saa. MX-5 ya kwanza hutakiwa kuwa na psi 26. Jibu ni karibu maili 53, yaani kilomita 85 kwa saa. Ni makadirio ya maji yaliyozidi uwezo wa mifereji. Meno marefu hukupa nafasi zaidi. Lakini kilomita 85 ni mwendo wa kawaida kwenye barabara kuu, na huo ndio mpaka wa tairi lililolika.

JE, WAJUA kwamba tairi pana linaweza kukuponza kwenye mvua?
Gari jepesi juu ya tairi pana hukandamiza kila sentimita ya lami kwa nguvu kidogo zaidi, na maji hupata njia ya kuingia chini. Upana unaopendeza ukiegesha hotelini ndio huo unaoelea kwenye dimbwi. Baki karibu na upana wa kiwandani.

JE, WAJUA kwamba baridi hunywa upepo?
Kila joto likishuka kwa nyuzi 5.6, tairi hupoteza takriban psi 1. Ukijaza 26 siku ya nyuzi 24, asubuhi ya nyuzi 4 chini ya sifuri utakuta 21. Magari mapya ya Marekani yalilazimika kuwa na kihisi cha upepo kuanzia modeli za 2008. Gari lako la zamani lina wewe na kipimo cha mkononi. Pima kila mwezi, tairi likiwa la baridi.

JE, WAJUA kwamba matairi mapya mawili huenda nyuma?
Wengi huyataka mbele, palipo na usukani. Lakini mbele ikiteleza, gari huenda moja kwa moja na dereva anaweza kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari huzunguka, na kwenye gari lisilo na kompyuta ya kulizuia nafasi ya kulirudisha ni ndogo. Bora ubadilishe yote manne. Ikishindikana, mapya yakae nyuma.

JE, WAJUA kwamba tairi jipya kabisa huteleza kidogo?
Uso wake hubaki na mafuta ya kulitolea kwenye kalibu. Kwa kilomita 800 za kwanza, piga breki mapema na ingia kona kwa upole. Fanya alaimenti siku hiyohiyo, maana sasipensheni ya miaka thelathini inaweza kulila tairi upande mmoja kabla hujalifurahia.

JE, WAJUA kwamba msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam hahitaji tairi la theluji?
Joto la pwani haliufikii mpaka wa nyuzi 7. Mwenye gari la michezo huko atanufaika zaidi na tairi la kiangazi lenye daraja zuri la mshiko kwenye maji kwa ajili ya masika. Lakini DOT husomwa vilevile Kariakoo, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi. Tairi la mtumba lenye meno marefu linaweza kuwa lilivuliwa kwa sababu ya umri wake, kwa hiyo soma wiki na mwaka kabla ya kutoa pesa.

JE, WAJUA kwamba uchaguzi huanza na siku yako mbaya kuliko zote?
Usijiulize tairi litafanya nini Jumapili ya jua. Jiulize kuhusu safari ya Novemba saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyesha na joto ni nyuzi 3. Kama hiyo ndiyo siku yako mbaya, tairi la majira yote la michezo limetengenezwa kwa ajili yako: tafuta saizi sahihi, herufi ya mwendo ya kitabu, DOT ya karibuni, na sifa ya kupasua maji. Kama siku yako mbaya ni theluji inayolala barabarani wiki nzima, kama Minneapolis au Oslo, usijidanganye. Nunua seti ya pili ya rimu na uvishe matairi halisi ya baridi. Na kama bajeti ya mwaka huu inatosha kitu kimoja tu kwenye gari lako la zamani, rangi isubiri, redio isubiri, eksozi isubiri. Weka matairi.